Sekunde Kumi na Tano

Tangu nistaafu na kurudi Tanga, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, ukiacha lile la afya, ni hili: "Hivi kule Ulaya ulikuwa ukifanya kazi gani hasa?" Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwamba nilikuwa mhandisi wa programu za kompyuta, na hapo aliyeniuliza alinyanyuka kwenda kuniletea simu yake iliyogoma, au kompyuta ya mwanawe iliyoingia virusi. Siku hizi najibu kwamba nilikuwa fundi saa, kama marehemu baba. Jibu hilo si la kweli kabisa, lakini linaukaribia ukweli kuliko lile la kwanza.

Kwa miaka 35 niliandika programu za mashine ambazo mtu akizitazama haoni kompyuta. Mashine ya kufulia inayo kompyuta ndani yake, lifti inayo, pampu ya maji inayo, mita ya umeme inayo, na breki za gari la kisasa vilevile. Hazina kioo wala kibodi. Mwenye kuzitumia hana habari kwamba ndani ya boksi lile kuna maandishi ya mtu aliyeketi siku moja akafikiri, akapanga amri moja baada ya nyingine: soma, subiri, linganisha, fungua, funga. Maandishi hayo hutiwa ndani ya kidude kisichozidi ukucha, boksi likafungwa kwa skrubu, likauzwa, na mwandishi wake asilione tena. Na jambo linalotawala maandishi hayo yote ni wakati. Mashine haijui njaa wala usingizi, lakini lazima ijue imesubiri kiasi gani.

Ndiyo maana nasema nilikuwa fundi saa.

Baba alikuwa na meza yake barazani kwetu Ngamiani, Barabara ya Nane, yenye kioo juu na droo tisa ndogo chini. Alivaa lenzi jichoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, na sisi watoto tulikatazwa kukimbia karibu naye, maana upepo wa kanzu tu ungetosha kupeperusha skrubu ya saa ya mkononi. Nilipofikisha miaka kumi aliniruhusu kukaa kwenye kigoda kando yake nikamshikia taa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kila alipomaliza saa, kabla ya kufunga mfuniko wa nyuma, alichukua sindano akakwaruza kwa ndani herufi mbili za jina lake, na mwezi na mwaka. Mafundi saa wa mahali pengi wana desturi hiyo. Saa kuukuu iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huwa na mikwaruzo kadhaa ndani ya mfuniko wake, kama kitabu cha wageni.

Nilimwuliza, "Baba, mbona mwenye saa haoni?"

"Haoni, mwanangu. Ataona fundi atakayeifungua baada yangu. Kama nimeharibu, ajue wa kumtafuta."

Nilisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo chetu kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mwaka uliofuata, 1974, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo wengi wetu tulijifunza kompyuta kama mtoto wa nchi kavu anavyofundishwa kuogelea, yaani kwa kuchorewa ubaoni. Sisemi haya kwa kulalamika. Mtu aliyelazimika kuendesha programu nzima kichwani mwake, mstari kwa mstari, kwa sababu hana mashine ya kuiendeshea, hupata nidhamu ambayo sikuiona baadaye kwa vijana waliolelewa na mashine.

Mwaka 1982 nilipata nafasi ya masomo Ujerumani Magharibi. Huko ndiko nilikoishika kwa mara ya kwanza mikroprosesa mkononi, Z80, na kidude cha kumbukumbu kilichoweza kubeba herufi 2,048 tu, yaani kama ukurasa mmoja wa kitabu hiki. Katika ukurasa huo mmoja ilibidi mtu aitie akili yote ya mashine. Kidude chenyewe kilikuwa na kidirisha cha kioo cha kwatzi mgongoni. Ukikosea, ulikiweka chini ya taa ya miale ya urujuani, ukangoja kama dakika 20, maandishi yote yakafutika, ukaanza upya. Mkikimaliza mlibandika karatasi juu ya kile kidirisha ili mwanga usiingie. Mimi kwenye karatasi hiyo niliandika herufi mbili za jina langu, na mwezi na mwaka. Hakuna aliyeniagiza.

Mwaka 1984 niliajiriwa na kampuni iliyotengeneza mikono ya roboti, karibu na Stuttgart. Neno lenyewe roboti lilitoka katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, na roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoitwa Unimate, iliingia kazini mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikitoa vipande vya chuma vyenye moto katika mashine ya kusubu. Mkono wetu haukuwa na sura ya mtu hata kidogo. Ulikuwa mhimili wa chuma wenye viungo sita, uzito wake kama ng'ombe mkubwa, na ulikwenda kwa kasi ambayo jicho lilichelewa kuifuata. Mimi na wenzangu wawili tuliandika sehemu iliyoupangia mkono huo nyakati zake.

Nilikuwa kijana, na sina budi kukiri kwamba nilijiona. Niliwaandikia nyumbani barua ndefu. Baba alijibu kwa kuniuliza kama mkono huo ungeweza kufunga skrubu ya saa ya mkononi. Nilimjibu kwamba hauwezi, akafurahi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika kiwanda kimoja cha vipuri vya magari, mkono wetu ulikuwa na kazi hii: gia iliyotoka tanuruni na kuzamishwa ndani ya mafuta ili chuma kikaze, mkono uichukue, uiinue juu ya sinia la bati, usimame sekunde 40 mafuta yachuruzike, kisha uipeleke kwenye mkanda. Kuuzunguka palikuwa na uzio wa chuma wenye mlango, na mlango ulikuwa na swichi. Mlango ukifunguliwa, umeme wa mota unakatika. Lakini kuuanzisha upya mkono baada ya kukatika kulichukua karibu dakika kumi, na msimamizi alikuwa akihesabu gia, hakuhesabu dakika. Kwa hiyo wafanyakazi walifanya kile nilichokuja kukiona katika viwanda vingi baadaye: walipata ufunguo wa akiba wa ile swichi, wakauchomeka, na roboti ikaamini kwamba mlango umefungwa huku uko wazi. Katika zile sekunde 40 mtu aliingiza mkono wake akaondoa taka zilizoziba sinia. Sekunde 40 ni nyingi kwa kazi hiyo. Kila mtu alifanya hivyo, na kila msimamizi alijua.

Siku moja ya Machi 1987 roboti iliondoka kabla ya wakati wake. Ilikibana kiganja cha kulia cha mfanyakazi kati ya gia na ukingo wa sinia. Alikuwa Mturuki wa makamo, mmoja wa wale waliokwenda Ujerumani kufanya kazi kufuatia mkataba wa mwaka 1961. Alipoteza vidole viwili.

Taarifa ya uchunguzi ilitufikia ofisini baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja na nusu. Ilisema kwamba swichi ya mlango ilichezewa, kwamba mfanyakazi aliingia bila kuzima mashine, na kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wake. Yote hayo yalikuwa kweli. Kuelekea mwisho palikuwa na sentensi moja: majeruhi anadai kwamba alikuwa akihesabu, na kwamba hakuwa amevuka 15.

Mkuu wangu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti. "Mtu akishikwa na hofu huhesabu vibaya," alisema, akaiweka taarifa ndani ya jalada. Nami nilitikisa kichwa kukubali. Lakini usiku ile 15 ilikataa kuniacha. Mtu anayeingiza kiganja chake mahali kama pale mara thelathini kwa siku hahesabu vibaya. Anahesabu kama muadhini anavyoujua wakati wake, kwa mwili. Tena kwa nini aseme 15? Mwenye kutaka kujitetea angesema 39.

Nilitafuta kwa wiki tatu, baada ya saa za kazi, nikiwa na programu yote imechapwa kwenye karatasi ndefu iliyokunjwa-kunjwa. Mashine haikunisaidia. Niliiacha isubiri sekunde 40 mara elfu nyingi, ikasubiri 40 kila mara. Mwishowe niliacha kuijaribu nikafanya kama tulivyofundishwa Dar es Salaam, nikaiendesha kichwani. Usiku wa kumi na nane niliona.

Nitaeleza kwa saa, kwa sababu ndivyo nilivyolielewa mwenyewe. Mikroprosesa yetu haikuweza kushika namba ndefu kwa mkupuo mmoja. Namba ya wakati iliwekwa katika vipande viwili, mithili ya saa yenye akrabu mbili. Kipande kidogo kilihesabu elfu za sekunde kutoka 0 hadi 65,535, kisha kikarudi sifuri na kile kikubwa kikaongezeka moja. Hilo lilitokea kila baada ya sekunde 65 na nusu hivi. Sasa fikiri, msomaji, unatazama saa ya ukutani. Unaanza na akrabu ndefu: dakika 59. Unapepesa jicho. Unatazama akrabu fupi: imekwisha gusa nne. Unasema ni saa nne na dakika 59, kumbe ndiyo kwanza imetimia saa nne. Umekosea karibu saa nzima, na kila ulichokiona ulikiona sawasawa.

Programu ile ilipepesa. Ilisoma kipande kidogo kwanza, kisha kikubwa, na kati ya kusoma huku na kusoma kule palikuwa na mwanya wa sehemu chache za milioni za sekunde. Kipande kidogo kikirudi sifuri ndani ya mwanya huo, roboti ilidhani zimepita sekunde 65 zaidi ya zile zilizopita kweli. Iliagizwa kusubiri 40. Ikaondoka. Inaweza kupita miaka bila jambo hilo kutokea, na linaweza kutokea kesho asubuhi. Dawa yake ni rahisi hata inaudhi: soma kipande kikubwa, soma kidogo, kisha rudia kikubwa, ukikuta kimebadilika, anza upya. Mistari minne.

Pembeni mwa mstari uliokosea palikuwa na maelezo mafupi, kama tulivyozoea kuandika. Mwishoni mwake palikuwa na herufi mbili za jina langu, na 11.84.

Asubuhi nilimpelekea mkuu wangu karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma, akanisifu, tena kwa dhati, akasema, "Tengeneza, iingie katika toleo lijalo." Nikauliza kuhusu kile kiwanda na yule mtu. Alinitazama kwa muda kidogo. "Alichezea swichi," alisema. "Asingeichezea, mstari wako usingemdhuru." Hilo nalo lilikuwa kweli. Katika barua iliyotumwa kwa wateja pamoja na toleo jipya palikuwa na sentensi inayosema kwamba hesabu ya wakati imeboreshwa. Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwa Kijerumani safi.

Nilinyamaza kwa miaka mitatu. Sababu zangu zilikuwepo, na nilizijua kwa moyo kama orodha ya dukani: kibali changu cha kuishi kule kilifungamana na kazi ile, mke wangu alikuwa mjamzito, na fedha nilizotuma Tanga zilikuwa zikisomesha wadogo zangu wawili. Nilikuwa na sababu nyingine niliyoipenda zaidi. Bima ya ajali kazini ya Ujerumani ni kongwe, ya tangu mwaka 1884, na humlipa aliyeumia hata kama uzembe ni wake. Basi nilijiambia: fidia amepata, vidole havirudi, ukweli utamwongezea nini?

Baba alifariki mwaka 1989. Nilifika siku moja baada ya maziko. Siku ya tatu ya matanga alikuja mzee mmoja kutoka Muheza, akakaa kwenye jamvi karibu nami, akavua saa yake ya mkononi na kunipa. Alisema kwamba mwaka 1961 baba aliitengeneza, akalipwa, mambo yakaisha. Baada ya juma moja baba alipanda basi hadi Muheza kumtafuta, akamwambia, "Nimeota gurudumu moja nililirudisha upande usiofaa. Nipe niitazame." Saa ilikuwa ikienda vizuri, haikuwa na tatizo lolote. "Basi aliifungua?" nikauliza. "Aliifungua pale pale kwenye jamvi langu," alisema mzee. "Lilikuwa upande usiofaa kweli. Ingesimama baada ya mwaka." Nilifungua mfuniko. Palikuwa na mikwaruzo miwili, yote ya mwezi mmoja.

Sitaki msomaji adhani kwamba nilirudi Ujerumani nikiwa mtu mpya. Nilikaa miezi mingine saba bila kufanya lolote. Lakini katika majira ya kuchipua ya mwaka 1990 niliitafuta anwani yake, nikapanda treni.

Aliishi ghorofa ya tatu na mkewe na mwanawe wa kiume wa kama miaka kumi na minne. Walinikaribisha chai ya rangi katika bilauri ndogo kabla ya kuniuliza nimefuata nini, kama ambavyo kwetu wangefanya. Nilieleza kwa kutumia saa yao ya ukutani. Kijerumani changu kilikuwa bora kuliko chake, na jambo hilo liliniaibisha, kwa hiyo nilisema polepole na kwa maneno machache. Nilipofika kwenye kupepesa jicho aliinua ile mkono yenye vidole vitatu kunizuia.

"Nilihesabu," alisema.

"Ndiyo. Ulihesabu sawasawa."

Alikaa kimya. Kisha alianza kunieleza mambo ambayo sikuyajua. Baada ya ajali swichi zote za kiwanda zilibadilishwa zisiweze kuchezewa, uzalishaji ukapungua, na bahshishi ya mwisho wa mwezi ikapungua pamoja nao. Wenzake, waliokuwa wakitumia ufunguo ule ule, hawakumsamehe. Yeye alihamishiwa ghalani. Kwa miaka mitatu aliambiwa kwamba hajui kuhesabu, na mwishowe aliamini. Alimwambia hivyo hata mwanawe: nilikosea kuhesabu. Fidia aliipata, ndiyo. Hakuitaja tena.

Alimwita yule kijana kutoka jikoni, akamwambia maneno kadhaa kwa Kituruki. Nilichoshika ni mawili tu, kwa sababu aliyarudia: on beş. Baadaye nilijua maana yake ni kumi na tano. Kijana alinitazama, akamtazama baba yake, akatazama chini.

Yule bwana alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakunipa mkono, nami sikuunyosha wangu.

Niliandika barua mbili, moja kwa kiwanda na nyingine kwa wasimamizi wa bima, nikaeleza kosa, mstari na tarehe. Kiwanda hakikujibu. Wa pili walijibu kwa sentensi mbili kwamba maelezo yangu yametiwa ndani ya jalada. Mwaka 1991 niliacha kazi kabla sijaachishwa. Kutokana na ukaazi wangu wa miaka mingi, kile kibali nilichokihofia kiliongezwa bila maswali, jambo ambalo bado hunitia uchungu kila nikilikumbuka.

Mwaka 1993 ilichapishwa Marekani taarifa ndefu ya Nancy Leveson na Clark Turner kuhusu mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25. Niliisoma usiku mmoja bila kunyanyuka. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine hizo, nchini Marekani na Canada, ziliwapa wagonjwa 6 mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Mojawapo ya makosa ilikuwa kihesabio kidogo kilichorudi sifuri kila baada ya mara 256. Kikiwa sifuri, ukaguzi muhimu ulirukwa. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme ambavyo vingezuia madhara, lakini katika hii viliondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Kilichonishika zaidi kilikuwa kwingine katika taarifa ile. Wagonjwa walisema wameungua, wakaambiwa kwamba haiwezekani.

Kazi zilizofuata nitazipitia upesi. Niliandika programu za mashine za kufulia kwa miaka minne, kazi isiyo na sifa na yenye mshahara mzuri. Kisha nikaingia kwenye lifti, na huko nilikaa muda mrefu kuliko kokote. Nilizipenda lifti kwa sababu watu walioziunda tangu kale hawakumwamini mtu kama mimi. Programu huamua lifti iende ghorofa gani, lakini milango, kamba na breki zina mnyororo wao wa swichi usioomba ruhusa kwa programu yoyote. Programu ikipotoka, mnyororo unakatika na breki inashika. Nilipowafundisha vijana, siku ya kwanza niliwapa ule mstari wangu wa mwaka 1984 bila kuwaambia ni wa nani, nikawaachia wiki nzima. Wengi hawakuona kitu. Kijana mmoja wa kike aliuona kwa saa mbili, nikamwogopa tangu siku ile.

Nimeziona pia roboti za siku hizi, zilizoanza kuuzwa Denmark mwaka 2008, ambazo hufanya kazi bega kwa bega na mtu bila uzio na husimama zikiguswa tu. Nilipelekwa kwenye maonyesho nikaambiwa niisukume moja kwa kiganja. Niliisukuma kwa mkono wa kushoto.

Nimestaafu mwaka 2019, na nilidhani mambo ya vihesabio nimeyaacha kule. Kumbe yalinitangulia nyumbani. Mwaka 2024 Shirika la Umeme lilianza kutangaza kwamba mita zote za LUKU zinahitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Mjini palizuka maneno: eti ni mbinu ya kupandisha bei, eti mita zitalipuka. Mdogo wangu wa kike, anayeishi katika nyumba ile ile ya Barabara ya Nane, alinijia barazani na simu mkononi.

"Kaka, nimenunua umeme, wameniletea namba nyingi kama za benki. Makundi matatu! Hawa hawaniibii?"

Nilimweleza. Mfumo huo wa mita ulianzia Afrika Kusini. Kila umeme unaponunuliwa, ndani ya zile tarakimu 20 hufichwa wakati wa ununuzi, kwa dakika zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka, ili tarakimu zilizotumika zisitumike tena. Lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni ndogo, inatosha dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita isiyoandaliwa itakataa umeme mpya. Makundi mawili ya kwanza yanaiandaa mita. La tatu ndilo umeme alioununua.

Alifikiri. "Sasa huyo aliyepanga, mwaka huo wa 93, hakujua kwamba zitaisha?"

"Alijua. Ndiyo maana sisi tumejua."

"Wewe ungejua?"

Sikumjibu. Nilikwenda kwenye mita, pale juu ya ukuta ambapo zamani meza ya baba ilikaa chini yake, nikainama kutazama kando ya boksi na kwenye lakiri.

"Unatafuta nini?"

"Jina."

Alicheka, akavaa miwani, akaanza kunisomea nne nne huku nikibonyeza. Kundi la kwanza likakubali. La pili nilikosea mahali fulani karibu na mwisho, mita ikakataa.

"Soma tena," nikamwambia. "Polepole."

Akarudi juu, akaweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza.